Sifuri Zisizotetemeka

Faustin ndiye aliyeniona kwanza. Nilikuwa naingia katika ua wa marehemu kule Mbugangari, mjini Gisenyi, nimeinama kupita chini ya kamba za hema, aliposimama katikati ya viti vya plastiki na kupaza sauti bila kujali kwamba tuko msibani: "Ye baba we! Sifuri amefika!" Watu wakageuka. Wale wasionijua wakadhani ni jina langu. Wale wanaonijua wakacheka, kwanza kwa kificho, wakiziba midomo, kisha wazi, na Faustin akaja kunikumbatia akinuka sabuni na tumbaku kama zamani. Nywele zake zimekuwa nyeupe, lakini bado ana uso wa mwalimu wa shule ya msingi anayemngoja mtoto akosee. "We ulipotelea wapi, sha? Tulisikia uko Mwanza, tukasikia uko Kampala, mutu mwingine akasema ulikufa Kigoma." Nikamwambia nimekaa kote huko, ila kufa bado. Akacheka. Kisha akaitazama saa yake ya mkononi, aone nimechelewa kiasi gani kufika kwenye msiba wa Mzee Anaclet. Nina miaka arobaini na sita. Nimepanga vyumba katika miji ambayo majina yake siwezi kuyakumbuka yote kwa mfululizo, na katika miji hiyo nimeitwa dada, mama, jirani, hata madamu. Hapa pekee ndipo ninapoitwa Sifuri, na miguu ilinileta hapa mara tu niliposikia kwamba aliyesababisha nipewe jina hilo amekufa.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza sekondari kwenye shule ya ufundi, nimepanga chumba kimoja Rubona, karibu na chemchemi ya maji ya moto. Nilitengeneza redio na chaja za simu kwenye kibanda cha mbao juu ya bandari, na sikuwa na rafiki hata mmoja mpaka Idi aliponipeleka kwa Anaclet. Idi alikuwa fundi wa simu karibu na mpaka, kijana mcheshi, mama yake yuko Goma na shangazi zake wako upande huu, kwa hiyo alikula mchana nchi moja na jioni nchi nyingine. Aliniona nikisikiliza redio ya masafa mafupi, nikingoja vile vipigo vya saa kamili, nikirekebisha saa yangu kwa ncha ya sindano. Akasema, "Kumbe we pia uko na huu ugonjwa! Jumapili nikupeleke kwa bagonjwa wenzako." Ndivyo nilivyojua kwamba wako watu wanne au watano katika mji huu ambao kila Jumapili baada ya misa hukutana kubishana kuhusu sekunde. Hawakuwa na faida yoyote nazo. Mabasi yetu yaliondoka yakijaa, mpaka ulifungwa askari walipochoka, na mikutano ilianza mgeni rasmi alipofika. Hata hivyo wao walitaka kujua saa ya nani, katika Gisenyi nzima, inasema kweli.

Saloni ya Anaclet, yaani sebule yake, ilikuwa na makochi mekundu yaliyofunikwa vitambaa vya kufumwa, picha ya Moyo Mtakatifu, saa ya ukutani yenye kengele, na katikati, juu ya meza, kitu kilichofunikwa taulo ya njano kama mtoto aliyelala. Hicho ndicho chombo chenyewe. Tulikiita kontere, kama mita ya umeme inavyoitwa kwetu. Kazi yake ni kuhesabu kitu kinapiga mara ngapi katika sekunde moja, na kukiandika kwa tarakimu nyekundu zinazong'aa. Anaclet alikinunua Goma, kwa watu waliokuwa wakibomoa mitambo ya zamani ya simu, akavuka nacho mpaka kikiwa chini ya gunia la viazi. Alikuwa karani wa ofisi, mtu mrefu, mkavu, aliyekulia Kongo na kurudi akiwa mtu mzima, anayetamka Kifaransa taratibu ili kila mtu asikie kwamba anakijua. Mkewe tulimwita Mama Solange. Solange, binti yao wa pekee, alishaolewa mbali, na sikuwahi kumwona.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa hii. Tukishafika, kila mtu aliweka saa yake mezani. Redio ikawashwa. Vipigo vikisikika, Anaclet alisoma saa moja baada ya nyingine, na kosa la kila mtu likawa jina lake mpaka Jumapili iliyofuata. Mwenye saa iliyochelewa sekunde tatu aliitwa Sekunde Tatu, nasi tulimwita hivyo sokoni, kanisani, hata mbele ya watoto wake. Idi wakati fulani saa yake ilisimama njiani bila yeye kujua, akaitwa Dakika wiki nzima, na mama yake akaja kutoka Goma kuuliza mwanawe amefanya nini kibaya. Mwenye kosa kubwa kuliko wote alikula wa mwisho, amesimama mlangoni, kisha akaosha vyombo. Saa ya Anaclet haikuwekwa mezani. Yenyewe ilikuwa ndani ya kontere, au kontere ilikuwa ndani yake, sikuelewa mwanzoni. Ilitosha kujua kwamba mwenye nyumba hana jina.

Kwa miezi mingi mwosha vyombo nilikuwa mimi. Wanaume walipokuwa wanaosha, Mama Solange aliona aibu na kuwapokonya sahani. Mimi aliniachia. Jiko lilikuwa nyuma ya saloni, ukuta wa mbao katikati, na kila kilichosemwa kule nilikisikia kana kwamba nimo nao. Nilimsikia Faustin: "Mwanamuke na sekunde, wapi na wapi? Bibi yangu akisema anakuja sasa hivi, mi ninaanza kulala." Wakacheka. Nilimsikia Anaclet: "Mwacheni. Anaosha vizuri." Mama Solange naye alisikia. Tulikaa wote wawili juu ya beseni, yeye akisugua sufuria ya bugali, mimi nikikausha. Hakuwahi kunipa neno la kunituliza. Mara moja tu aliniuliza kama huko Rubona sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, ni wakubwa siku hizi.

Yeye hakuhitaji saa mezani ili aadhibiwe. Anaclet alikula saa sita na nusu. Ikifika sahani hazijaja, aliinua mkono wa kushoto, akatazama saa ya ukutani, akasema kwa upole mbele yetu, "Mama Solange. Chakula kimechelewa." Hakupaza sauti hata siku moja. Kama sahani zilikuja baada ya hapo, hata kwa muda wa kupiga chafya, yeye hakula, na kwa kuwa mwenye nyumba hali, wageni nao hawali. Tulikaa tukitazama sombe, yale majani ya muhogo, likipoa na wale sambaza wa kukaanga wakilainika, mkewe amesimama mlangoni na kitambaa mkononi, mpaka mzee aseme, "Bon. Tutakula kesho." Niliwahi kurudi Rubona kwa miguu nikiwa na njaa kwa sababu harage halikuiva kwa wakati. Sikumchukia. Hilo ndilo ninalolishangaa leo, katika umri huu, ninapokaa katika vyumba vya kupanga na kula saa yoyote nitakayo. Niliona ni mtu anayejiheshimu, nikataka aniheshimu na mimi.

Kisha ikaja habari ya kazi. Kampuni moja ya simu ilikuwa inasimamisha minara kwenye vilima vyetu, mpaka kule Busasamana chini ya volkano, na mhandisi wao alifahamiana na Anaclet. Alikuwa anatafuta fundi mmoja wa hapa hapa wa kutunza mitambo hiyo. Anaclet alitutangazia huku akipangusa midomo: "Atakuja mwisho wa mwaka. Mi nitamuonyesha mutu moja. Moja tu." Sikulala vizuri tangu siku ile. Kibanda changu kilikuwa kinavuja, na fundi mwingine alishafungua duka lililojengwa kwa matofali mbele yangu. Kazi ya minara ilikuwa mshahara, kofia ngumu, gari lenye nembo mlangoni, na mitambo ambayo ndani yake mna saa nzuri kuliko zote tulizowahi kuzigusa. Niliitaka kiasi kwamba nilikuwa naisema kwa sauti nikiwa peke yangu, nikifua nguo: fundi wa minara, fundi wa minara. Idi naye aliitaka. Faustin alikuwa na shule yake. Yeye alitaka tu kuona nani ataumia.

Kila saa ya elektroniki ina kipande cha kristali kinachopiga, na adui wa kristali ni joto. Mchana joto likipanda saa inakimbia au kuchelewa, jioni ikipoa inabadilika tena. Gisenyi ni mji wa baridi ya ziwani asubuhi na jua kali mchana, na sisi wote tulikuwa tunapigana na jambo hilo bila kulishinda. Anaclet aliifungia kristali yake kwenye sanduku la mbao lenye balbu ndani. Faustin aliivaa saa yake hata kitandani, ili ikae na joto la mwili. Mimi nilikuwa nafua nguo kwenye mfereji wa maji ya moto uliopita nyuma ya chumba changu, maji yale yale ambayo watu huja kulowesha viungo vinavyouma, nikagundua kwamba mkono wangu unaungua sawasawa asubuhi na jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Maji yanatoka ardhini yakiwa na joto lile lile. Nikaifunga kristali yangu katika kisanduku cha bati, nikakiziba kwa nta na mpira wa tairi la baiskeli, nikakizamisha mferejini, waya mbili tu zikitoka kwenda kwenye betri na kwenye saa niliyoiunda. Wiki nzima kilikaa humo. Jumapili nilichota maji ya pale pale nikayatia katika termosi yenye mdomo mpana, nikatumbukiza kisanduku, nikapanda nacho kwenda mjini, Idi akinibebea betri.

"Leo tunakunywa saa?" Faustin aliuliza alipoiona termosi mezani. "Ariko huyu amepika sekunde! Uliweka chumvi?" Walicheka mpaka Anaclet akainua mkono redio isikike. Vipigo vikapita. Anaclet akasoma saa ya Faustin, akasoma ya Idi, akafika kwenye yangu, akainama zaidi. Saa yangu ilikuwa imegonga pamoja na redio. Akaiita bahati. Jumapili iliyofuata ikagonga tena. Na ile iliyofuata. Sikuwa na jina tena; Faustin, kwa kukosa la kuniita, aliniita "we." Nilikula nimekaa kwenye kochi jekundu. Nakumbuka ladha ya sambaza wa moto, na jinsi Mama Solange alivyoniwekea sahani mbele bila kunitazama, kwa sababu sasa Idi ndiye aliyekuwa ameshika beseni na yeye ilimbidi kuosha yote peke yake.

Jumapili moja Idi aliharibu. Alikuwa amezoea kutania kila kitu, na siku ile saa ya ukutani, ambayo Anaclet aliirekebisha kwa mkono wake kufuata kontere, iligonga baada ya redio. Si sana. Lakini sote tulisikia: redio, saa yangu, kisha ukuta. Idi akapiga makofi. "Vieux! Leo we iko Sekunde Moja!" Hakuna aliyecheka. Anaclet alikuwa na kijiko mkononi. Akakiweka mezani kando ya sahani, na sote tukaacha kula, tukaweka vyetu. Chakula kilikuwa kimefika kwa wakati siku ile. Nje mtu alikuwa anapiga nyundo bati. Mzee akanigeukia mimi, wala si Idi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Muzuri sana. Mhandisi akikuja, utamuonyesha hii termosi yako. Nitakusaidia." Nilitoka pale nikiruka. Idi alinifuata njiani akiniomba nimuombee msamaha kwa mzee. Nilimwahidi. Nilikuwa na furaha ya kumgawia kila mtu.

Mhandisi alikuja siku ya jua kali. Kijana kuliko tulivyodhani, viatu vyeupe, Kiswahili chake cha Dar es Salaam kilichonyooka, kwani ndiko alikokulia kabla wazazi hawajarudi. Mama Solange alikaanga mandazi, akatoa vikombe vya kauri. Kwa kuwa kulinganisha saa na redio kunataka wiki nyingi na mgeni alikuwa na muda mfupi, tukaamua kutumia kontere. Ukiunganisha kisanduku chako mbele ya kontere, inakuandikia kinapiga mara ngapi. Changu kilitakiwa kupiga mara milioni kumi kwa sekunde: moja, na sifuri saba, na baada ya nukta tarakimu nyingine mbili za kuonyesha vipande. Zile mbili za mwisho hazitulii. Kwa saa zetu zote zilikuwa zinachezacheza, tisini na kitu, kumi na kitu, na mwenye kuchezacheza kidogo ndiye fundi. Anaclet alisema kwa heshima ya mgeni ataunganisha mwenyewe. Kulikuwa na kamba mbili nyeusi zinazofanana: moja kutoka kwenye termosi yangu, nyingine ile fupi inayotoka nyuma ya kontere yenyewe, yenye kutoa mpigo wa kristali yake. Nilimpa mkononi kamba moja. Yeye akaenda upande wa nyuma ya meza, akainua taulo, akainama, akarudi. Akawasha.

Moja, na sifuri saba. Nukta. Sifuri, sifuri.

Tukangoja zicheze. Hazikucheza. Nilihesabu pumzi zangu. Zilikaa pale, nyekundu, zimetulia kama zimechorwa ukutani. Idi alishika kichwa. Faustin alisimama. Nami, badala ya kuogopa, nikaanza kuongea. Mtu yeyote wa chama kile alijua kwamba kitu kinachopiga kweli hutetemeka. Mimi mwenyewe nilishamfundisha Idi jambo hilo. Lakini nilizitaka mno sifuri zile, na macho yakishapewa kinachotakwa hayaulizi. Nilimweleza mhandisi habari ya mfereji, nta, mpira wa baiskeli. Nilisema joto la ardhi halidanganyi. Nilisema, Mungu anisamehe, kwamba huenda hakuna saa kama hii nchi nzima. Mhandisi alikuwa akitabasamu, anaitikia kwa kichwa, na wakati naongea alinyoosha mkono taratibu akachomoa waya wa betri yangu.

Kisanduku changu kilikuwa kimekufa. Tarakimu hazikubadilika hata moja.

Mhandisi akainyanyua termosi, akaifungua, akamimina maji ndani ya kikombe cha chai kilichokuwa tupu, akakisogeza mbele yangu. Sifuri zote zilikuwa bado zinawaka. "Dada," alisema, "mashine inajipima yenyewe. Umeunganisha mgongo wake na uso wake. Ukiuliza kioo kama wewe ni mzuri, kitakwambia nini?" Aliyecheka wa kwanza alikuwa Idi. Sijui kama alitaka, kilimtoka tu, kicheko kirefu cha pua, kisha Faustin akalia machozi, akijipiga mapaja, "Sifuri! Yewe, Sifuri! Muke wa sifuri tisa!" na mhandisi naye, mtu mwenye adabu, akashindwa kujizuia. Anaclet hakucheka. Alikuwa anakunja taulo ya njano pande nne sawasawa. "Anajifunza," alimwambia mgeni. "Lakini antene ni kitu ya kupanda, na huyu ni mwanamuke… bon." Kisha akanigeukia. "Vyombo viko jikoni."

Nilikwenda. Watu wananiuliza kwa nini, ninapowasimulia, nami nawaambia miguu ilikuwa imezoea njia. Niliosha vikombe vya kauri nikiwasikia ng'ambo ya mbao wakimpangia Idi siku ya kuanza kazi. Mama Solange alikaanga mandazi mengine, mgongo wake kwangu.

Kabla ya juma kwisha nilikuwa Bukavu, kisha nikavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, na baada ya hapo sijawahi kukaa mahali zaidi ya mikataba mitatu ya nyumba. Nilifanya kazi za redio, za jenereta, za friji za samaki. Kila nilipounganisha kamba niliichomoa na kuiunganisha tena, mara mbili, mara tatu, mpaka mabosi wakachoka kuniona. Nilijua kwamba mkono wangu ni mkono unaokosea. Nilimpa mzee kamba isiyo yenyewe. Ndivyo nilivyoamini, na niliamini hivyo mpaka juzi, msibani.

Idi alikuwepo, amenenepa, ana koti la kampuni nyingine kabisa, akanisalimia kwa mikono miwili na hakuniangalia usoni. Wenzake walikuwa wanaonyeshana simu. Chama kimekufa, waliniambia. Siku hizi simu inachukua saa kutoka juu angani kwenye setilaiti, na kila mpumbavu wa barabarani ana sekunde sahihi mfukoni. Walizisema zile Jumapili kwa huzuni zaidi kuliko walivyomsema marehemu. Nikachoka kusikiliza. Nikaenda nyuma, jikoni, na Mama Solange alikuwa pale pale juu ya beseni, amekuwa mdogo, kitenge cheusi, majirani wamejaribu kumkalisha na wamekata tamaa. Nikachukua kitambaa, nikaanza kukausha. Hakushangaa.

"Sambaza bameisha ziwani," alisema baada ya sahani kadhaa. "Bale bakubwa hawako tena." Kisha, kwa sauti ile ile: "Ile siku ya mugeni, ni muzee alitoa kamba yako. Nilikuwa ninaingia na chai, nikamuona kwa nyuma. Yako ilikuwa mu mukono, ile yenye ulimupa, ilikuwa yenyewe. Akaiangusha chini ya meza. Akaweka ile yake."

Nililiweka lile neno mahali fulani, nikakausha mpaka mwisho, ndipo nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, jioni ningelala wapi?" Akasugua. "Na tena, usikasirike, mama. Nilifurahi. Ilikuwa siku moja yenye alichagua mutu mwingine wa kuumiza."

Nilitafuta hasira yangu. Nilikuwa na haki nayo, nilishaibeba dhidi yangu mwenyewe miaka yote ile. Yeye aliendelea tu, kama anayesimulia bei za soko. Mzee alipooza upande mmoja, alisema, kisha macho yakafa. Alikuwa anaisikiliza tu saa ya ukutani, na kila ikigonga anahesabu kwa midomo. Siku moja yeye, mkewe, alichelewa na uji kwa sababu mkaa ulikuwa mbichi, na yule mtu, haoni, hawezi kuinua mkono, akasema, "Mama Solange. Chakula kimechelewa." "Donc nilienda kwa ile saa," alisema, "nikairudisha nyuma kidogo. Nikangoja igonge. Nikamupa uji, nikamuambia, iko sawa. Akakula." Kesho yake akairudisha tena. Kisha akawa anaipeleka popote anapotaka, mbele, nyuma, kulingana na usingizi wake, mgongo wake, jirani aliyekuja kupiga soga. Redio alisema imekufa betri. Alimlisha chakula cha mchana jua likishuka. Mzee akisikia kengele za kanisa alisema padri amekuwa mzembe. Akisikia adhana kutoka msikitini alisema hata Waislamu wamepotea. Faustin na wenzake walipomtembelea aliwalalamikia kwamba mji mzima umekosea saa, nao walitoka wakitikisa vichwa, wakisema maskini, akili imeondoka. "Alilia," Mama Solange alisema. "Aliniomba, niambie kweli, ni saa ngapi. Mi ninamuambia: iko sawa, papa, iko sawa."

Ndipo Faustin akaingia. Alivua kofia. Walikuwa wamekubaliana, alieleza, kwamba mtu kama yule hawezi kuzikwa kama watu wengine; juu ya msalaba wa saruji wataandika saa ya kufa, na dakika, na sekunde. Fundi alikuwa anangoja nje, na saruji ilikuwa inaanza kukauka. "Mama, we ulikuwa pale. Uliangalia saa?"

"Niliangalia ile ya ukuta," alisema Mama Solange. Akapangusa mikono yake kwa kitenge, kidole kimoja kimoja, akataja saa, akataja dakika, na baada ya kufikiri kidogo, akataja sekunde. Faustin aliandika kwenye kiganja kwa kalamu. Macho yalimlowa. Aliniinulia kile kiganja mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa chama. "Sifuri, unaona? Mpaka mwisho. Tuandike hivi, ni sawa?"

Mama Solange alikuwa ananitazama, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, usoni moja kwa moja.

"Iko sawa," nikamwambia Faustin.

Akatoka mbio kwa fundi wa saruji. Mama Solange akafungua sufuria, akavuta viti viwili vya jikoni, akaniambia nikae. Tulikula taratibu, sombe la moto na wale sambaza wadogo waliobaki. Nje, chini ya hema, sahani zilikuwa bado hazijapelekwa, na nilimsikia Idi akimuuliza mtu ni saa ngapi, na Faustin akijibu kwamba chakula kimechelewa. Mama Solange akaniongezea sambaza.